Tairi Lililozidi Vidole Viwili

Kibiti, usiku wa kuamkia safari

Kwa mwanangu Athumani,

Assalamu alaykum. Najua hapo kwenye "mwanangu" umeshacheka. Nimekutangulia kuzaliwa kwa misimu miwili tu ya mpunga, tumegombania kiti cha mbele cha gari tangu tukiwa wadogo, na wasiotujua hudhani wewe ndiye kaka yangu. Lakini mimi ni mdogo wa mama yako, na kwetu mdogo wa mama ni mama. Ulipokuwa mtoto ulikataa kuniita hivyo mpaka Bibi akakunyima ukoko wa wali. Tangu siku hiyo unaniita Mama Mdogo kwa sauti ya mtu anayelipishwa ushuru. Usiku huu nalitaka jina hilo kwa haki yake, maana nina neno la kukuambia ambalo ningekuwa mwenzako tu, ningeweza kulikwepa.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, kuswali kwa wakati na kutokula ovyo njiani. Hayo mama yako ameshayafunga pamoja na mashuka. Mimi nakuandikia lile ambalo mdomo wangu umeshindwa kulisema, na mdomo wangu unaujua ulivyo. Mgeni akiingia mimi hukumbuka ghafla kwamba kuku hawajafungiwa.

Kesho unataka kushuka Nyamisati, upande boti ya baba yako mkubwa mwende Salale, visiwani, ukavue kamba mpaka fedha za kuitengeneza gari ya mama yako zipatikane. Nafasi ya kidato cha tano uliyopangiwa Masasi umeiacha kama chakula cha mtu mwingine. Hukumweleza mtu sababu, lakini humu ndani hakuna asiyeijua. Unaamini wewe ndiye uliyeiua gari.

Hukuiua wewe, Athumani. Iliuawa na tairi, na tairi nililinunua mimi.

Unakumbuka masika yalivyoanza, tairi la nyuma lilivyochanwa na kisiki cha mkoko kule Nyamisati karibu na gati. Mama yako alikuwa kitandani na homa, wewe hukuwepo, akanituma mimi dukani. Nilijiandaa kama ninayekwenda kufanya mtihani. Niliandika namba za ubavuni mwa tairi kwenye kiganja kwa kalamu, nikazirudia njia nzima. Dukani nilikuta wanaume wamekaa juu ya matairi wanakunywa kahawa, wote wakageuka kuniangalia. Nikaonyesha kiganja. Muuzaji akasoma namba, akaniuliza nataka moja au yote manne. Nikasema moja.

Hapo sikuona kosa, na hata leo nikijitetea ninajitetea kwa hapo. Babu yako, baba yetu sisi, alikuwa fundi wa mashua Salale. Ubao ukioza anautoa huo huo, anachonga mwingine, anaupachika, anaziba nyufa kwa kalafati, na chombo kinarudi majini. Sijawahi kumwona akivunja mbao tatu nzima kwa sababu ya moja mbovu. Angefanya hivyo watu wangesema amerukwa na akili. Nimelelewa katika kubadilisha kilichooza tu. Kwa hiyo tairi moja limekufa, nanunua moja, namba ni zile zile, tena nachagua lenye meno marefu kuliko yote ili litusaidie kwenye tope. Nilijiona mwerevu.

Kosa lilikuja baadaye kidogo. Muuzaji alishalishika lile tairi akasita, akaniuliza, "Gari yenu inavuta miguu yote minne?"

Sikujua. Nimepanda gari ile miaka mingi, sikuwahi kujua injini inazungusha magurudumu mawili au yote manne. Nilitakiwa kusema sijui, neno dogo tu, au kumpigia simu mama yako. Lakini mmoja wa wale wanywa kahawa akasema huyu binti ni wa visiwani, mwulizeni inavuta makasia mangapi. Wakacheka, na mimi nikahisi masikio yanawaka. Nikasema, "Hapana."

Nilisema hapana ili nitoke pale dukani, basi. Yule muuzaji alikuwa ananiuliza kwa wema, na jibu langu likamfunga mdomo. Akanipakilia tairi kwenye bodaboda na kunitakia safari njema.

Nimejiuliza nilijifunza wapi tabia hiyo, nadhani ni kidato cha kwanza. Darasa la saba nilikuwa mtu wa kunyoosha mkono, wewe mwenyewe ulikuwa shule ile ile, uliniona. Kisha masomo yakageuka kuwa Kiingereza kwa mkupuo. Kiswahili niliambiwa nikiache nje ya darasa na Kiingereza kilikuwa bado hakijanifikia. Katikati hapo niligundua kwamba mtu akitikisa kichwa mwalimu hupita kwenda kwa mwingine. Nimetikisa kichwa miaka minne. Kiingereza kilikuja, tena kikaja vizuri, lakini kichwa kilishazoea. Leo nina lugha mbili, na kwa zote mbili ninaogopa kusema kwamba sikuelewa.

Lile tairi lilisifiwa sana hapa nyumbani. Wewe mwenyewe ulilipiga teke ukasema hili sasa ndilo tairi. Masika yote lilipasua tope la Nyamisati bila kunung'unika, mama yako akileta kamba na akina mama wa gatini kila siku. Mvua zilipokatika akaanza kuchukua mchele Chumbi, akawa anashinda kwenye lami. Hapo ndipo ulipoanza kusema.

Ulisema wewe wa kwanza, usisahau hilo. Ulikuwa unageuza gari hapa uani ukatoa kichwa dirishani: "Mama Mdogo, kona inabana. Kama kuna mtu ameishika nyuma." Nilikujibu ni udongo umeganda chini. Baada ya hapo ukasema inaimba, na kweli ilikuwa inaimba, sauti nyembamba chini ya viti, mimi niliisikia. Nilisikia na harufu pia, ile ya mafuta yaliyoungua, tukitoka Ikwiriri. Sikuhusisha na tairi, naapa. Lakini sikusema pia. Nilingoja aseme mwenye gari.

Siku yenyewe huna haja ya kusimuliwa, lakini nataka uione kutoka kiti cha nyuma nilipokuwa. Mama yako alichoka, akakupa usukani pale barabara ilipo nyeupe haina watu, kama alivyozoea. Uliendesha taratibu mpaka nikasinzia. Ulipunguza, ukawasha taa ya pembeni, ukakata kona ya kuingia kituo cha mafuta. Ndipo tukasikia ule mlio kama wa sufuria lililokanyagwa, gari ikang'ang'ana mahali pamoja, moshi ukatoka chini. Mama yako akasema, "Shuka." Hakusema lingine mpaka tulipovutwa hadi gereji. Wewe ulishuka, ukasimama pembeni na funguo mkononi kama uliyeiba.

Tangu hapo vijana wa kijiweni wanakuita Dereva wa Moshi, na wewe na mama yako hamjazungumza maneno ya maana. Yeye huniambia, mwambie mwanao chakula tayari. Nawe, mwambie mama nimekula kwa jirani. Mwulize kama anaihitaji tochi. Mwambie achukue. Nimetembea kati ya chumba chako na chumba chake nikibeba maneno ambayo kila mmoja wenu angeweza kuyasema akiwa amekaa, nikijiona nasaidia.

Juzi mama yako alinituma gereji kwa fundi Kondo. Alisema hataki kuiona gari yake imepasuliwa. Bibi akanifuata, unamjua, hapendi kusikia habari kwa mdomo wa mwingine. Fundi alikuwa ameshafungua chini, ameweka kwenye beseni mafuta ya difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Yalikuwa meusi kama lami, na ndani yake mnameta vumbi la chuma. Akaniuliza nani alikuwa anaendesha. Nikasema mtoto wetu. Alikuwa anakimbiza? Nikasema alikuwa anaingia kituo cha mafuta, taratibu.

"Basi msimwonee," akasema. "Hii haikufa siku ile. Imekuwa ikifa tangu masika."

Alikuwa na wazo lakini hakuwa na hakika nalo, akatuambia hivyo hivyo. Akachukua uzi wa kujengea, akauzungusha kwenye tairi la zamani la nyuma, akafunga fundo la alama pale ulipokutana. Kisha akauzungusha uzi ule ule kwenye tairi langu. Haukukutana. Bibi akainama akaweka vidole kwenye pengo.

"Vidole viwili," akasema Bibi. "Vidole viwili ndivyo vimeua gari nzima?"

"Vidole viwili kila gurudumu linapozunguka, Bibi. Linazunguka mara ngapi toka Nyamisati?"

"Mimi huhesabu wajukuu. Magurudumu hesabu wewe."

Fundi akacheka, kisha akauliza kama nina simu yenye intaneti, maana ya kwake imejaa mafuta haisikii kidole. Nikafungua. Nilikuta maelezo kwa Kiingereza, nikayasoma kimya mpaka chini. Fundi akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma kwa Kiingereza. Bibi akasema hapana, soma kwa lugha ya mama yako. Kwa hiyo nilisimama pale gereji, mafundi wawili wengine wakisikiliza, nikaitafsiri hukumu yangu mwenyewe. Nakuwekea hapa, kwa sababu utaendesha magari mengi maishani na hakuna atakayekueleza.

Gari inayovuta miguu yote ina kifaa katikati, kwenye njia ya nguvu inayokwenda nyuma. Gari inapokata kona, miguu ya mbele na ya nyuma haitembei mwendo sawa, na kifaa hicho kazi yake ni kuivumilia tofauti hiyo. Difu nayo huvumilia tofauti kati ya kulia na kushoto. Kona ikiisha vinapumzika. Sasa tairi moja likiwa jipya na mengine yamelika, hata kama namba zake ni zile zile, jipya ni kubwa kidogo na huzunguka polepole kuliko wenzake. Gari iko kwenye barabara iliyonyooka, lakini huko chini vifaa hivyo vinadhani bado iko kwenye kona. Havipumziki. Mafuta yanachemka, yanaungua, chuma kinaanza kusaga chuma. Kwenye tope tofauti hiyo inapata mahali pa kutokea, tairi linateleza kidogo mambo yanaisha. Kwenye lami halitelezi. Ndiyo maana ilivumilia masika na kufa kiangazi. Dawa yake ni kubadilisha manne kwa pamoja, au kutafuta lililolika sawasawa na wenzake, na kuyahamisha mbele na nyuma mara kwa mara yalike kwa usawa. Na kona ikianza kubana, usiambiwe ni udongo.

Nilipomaliza kusoma, fundi aliuliza nani alinunua tairi. Bibi aliniangalia. Bibi anajua, yeye ndiye aliyempokea yule wa bodaboda. Nikasema nawahi nyumbani. Nikakumbuka kuku.

Njiani Bibi hakunigombeza. Alitembea mpaka tulipofika kwenye mkorosho wa jirani, akasimama kama anayepumzika. "Mimi sitasema," akaniambia. "Aliyenunua ndiye atakayesema. Lakini mume wangu akifunga mzigo hujasema, nitajua nimezaa mtu wa namna gani." Mume wake ni wewe, kama ujuavyo. Ananiambia mimi nimekulea vibaya na yeye ndiye aliyeolewa nawe.

Juzi hiyo ikapita. Jana ikapita. Leo alasiri nimekuona unakunja lile blanketi la bluu, unalisukumiza ndani ya kiroba cha kwendea Salale. Shati la shule umeliacha msumarini. Nikatoka nyuma ya nyumba, mama yako alikuwa anachambua mchele wa kukufungia. Nikakaa mbele yake nikaanza kuchambua naye. Nilitaka kuanza kwa salamu, kwa hali ya hewa, kwa chochote. Nikasikia sauti yangu inasema, "Dada, tairi ndilo lililoua gari. Dukani waliniuliza kama inavuta miguu yote, nikasema hapana."

Aliendelea kuchambua. Nikamweleza yote, uzi, vidole, ile harufu, na kwamba wewe ndiye uliyesema kona inabana na mimi ndiye niliyekunyamazisha. Nilipofika mwisho alitikisa ungo, akapuliza pumba, akauweka chini.

"Ningekuwa mzima siku ile," akasema, "ningenunua moja vile vile. Baba ndivyo alivyotufundisha." Nikataka kushukuru, akanizuia kwa mkono. "Kwa gari sina hasira nawe, Mwanaidi. Kwa hizi siku ulizoacha mwanangu abebe mzigo usio wake, ninayo. Nipe muda nayo." Kisha akajisahihisha, taratibu, "Mwanetu."

Sijui kama nitakuandikia tena neno zito kuliko hilo.

Akaniuliza kama unajua. Nikasema hujui. Akasema, "Nenda kamwambie." Nikasimama kabisa, nikafika mlangoni kwako, nikasikia unaimba chini chini ukifunga kamba ya kiroba, nikarudi. Nikasema nitaandika. Aliniangalia kama anavyoiangalia barabara mbovu akiwa hana njia nyingine. "Haya, andika. Lakini nami nina langu, umwandikie." Nikamwambia hapana, Dada, hilo lako sitalibeba. Nimebeba ya kutosha. Akashangaa, Athumani, maana sijawahi kumkatalia kitu. Akasema, "Basi nitamwambia mwenyewe asubuhi." Kwa hiyo halimo humu. Nitakudokeza jambo moja tu, nalo ni kwa sababu nililiona kwa macho yangu na sikupewa nilibebe: siku ile aliposema shuka, alikuwa anatazama moshi, na mkono wake ulikuwa umeshafungua mkanda wako.

Utataka nikushauri kuhusu Masasi. Sijui Masasi. Sijawahi kuvuka daraja la Rufiji na kulala upande wa pili. Ninalolijua ni dogo: watakapokuuliza kitu usichokijua, na watu wakakucheka, masikio yatawaka. Yaache yawake. Hayaungui, nimechunguza. Sema hujui, halafu kaa pale pale usubiri waeleze. Jibu la haraka la kutorokea mimi nimelilipia, na wewe umelilipia zaidi yangu, na mama yako anatembea kwa miguu kwenda barabarani kutafuta wa kumpakia.

Gari itatembea tena. Fundi amepata kifaa kilichotumika, na mimi, ili kulipia, nimeanza kukaa mapokezi ya gereji yake, kuandika majina ya wateja na kuwasomea maelekezo ya Kiingereza. Ndiyo, mimi. Leo asubuhi ameingia mzee mmoja anataka tairi moja. Nimemwuliza, mbele za watu, gari yake inavuta miguu mingapi. Sauti ilinitetemeka lakini alisikia. Naye hakujua. Tukainama pamoja kuangalia chini. Hii ni kazi ya mtu mzima, usiingie kuninyang'anya kwa kwenda kuvua kamba.

Jambo la mwisho. Baba yako mkubwa tumempigia simu jioni hii, mama yako mwenyewe ndiye aliyezungumza. Amesema hana neno, mtoto aende shule, ila alikuwa anategemea kupata kitu toka Kibiti. Boti yake inagongagonga gati, inahitaji tairi la kufunga ubavuni. Bibi akadakia palepale kwamba tairi tunalo, zuri, jipya, limezidi vidole viwili.

Kwa hiyo mzigo wa Salale umeshapatikana. Kiroba chako nimekifungua wakati unaoga, nisamehe. Blanketi nimelihamishia kwenye begi la shule na shati nimelitoa msumarini. Kama moyo wako bado unataka boti, kila kitu kinarudi kwenye kiroba kabla chai haijapoa, na sitasema neno. Hiari ni yako. Nilichotaka ni kwamba uchague ukiwa huna deni la mtu mwingine mgongoni.

Basi la kusini linapita barabara kuu baada ya alfajiri. Ukifungua mlango utaliona lile tairi limefungwa kamba, limeegemea ukuta, linangoja kupelekwa gatini. Lipite tu. Mama yako atakuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, na safari hii hakuna atakayekuwa katikati.

Mama yako mdogo,
Mwanaidi